Koma Haina Digrii

Kila nikiposti kitu kwa Kizungu, hakosi msee mmoja wa kuja kwa komenti kunikumbusha kwamba niliacha chuo. Sawa, niliacha. Karo ilitushinda nyumbani, na hiyo si siri. Lakini kuna kitu hao wanaocheka hawakuambii: sheria za alama za uandishi za Kiingereza unazohitaji kila siku ni chache, na hakuna hata moja inayodai digrii.

Na mimi nazihitaji. Wateja wangu wengi hatujawahi kuonana uso kwa uso. Wananijua kwa sentensi zangu tu. Kama wewe pia unatafuta kazi za mtandaoni, barua pepe yako inafika ofisini kabla yako.

Tuanze na koma, maana hapo ndipo wengi wetu tunaanguka, na wa kulaumiwa ni Kiswahili chetu kitamu. Angalia: "Nilimpigia mteja, akakataa kushika simu." Iko sawa kabisa. Ile -ka- ndani ya kitenzi ni gundi, inashika tukio la kwanza na la pili. Sasa Kiingereza hakina -ka-. Ukiandika "I called the client, he refused to pick up," umeipa koma mzigo isioweza kubeba. Funika kila upande kwa kidole, mmoja mmoja. Kila upande unasimama peke yake kama sentensi kamili, si ndiyo? Basi una njia tatu: weka nukta, weka nukta mkato, au wacha koma hapo lakini uiongezee neno la kuunganisha: "I called the client, but he refused to pick up." Hiyo "but" ndiyo gundi yao.

Ya pili ni ritifaa, kile kialama cha ng'ombe na ng'ambo. Kwetu inaonyesha sauti. Kwa Kiingereza ina kazi mbili kubwa: kuonyesha mwenye kitu, kama "Mama's shop", na kuonyesha kuna herufi zimeachwa, kama "don't". Wingi haumo hapo. Ukiona kibao kimeandikwa "chapati's", unabaki kuuliza: chapati ina nini?

Halafu kuna "its" na "it's", ambazo zinasumbua hata maprofesa. Dawa yake ni rahisi. Soma sentensi kwa sauti ukitumia "it is". "It is raining" inaleta maana, kwa hivyo "it's raining" ina ritifaa. "The phone lost it is charge" haileti maana, kwa hivyo ni "its". Imeisha hiyo.

Najua kuna mtu anasema, ah, hizi ni vitu vya walimu. Hebu skia hii. Kule jimbo la Maine, Marekani, sheria ilikuwa imeorodhesha kazi za vyakula ambazo hazilipiwi ovataimu. Mwisho wa orodha ilisema "packing for shipment or distribution of", kisha ikataja aina za vyakula. Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy wakaenda kortini. Hoja yao: hakuna koma kabla ya "or", kwa hivyo kinachotajwa hapo ni kufunga mizigo ya kusafirishwa au kusambazwa. Wao hawafungi mizigo, wanasambaza tu. Mwaka wa 2017 mahakama ya rufaa ikaona sheria inasomeka njia mbili, ikawapa madereva ushindi. Mwaka wa 2018 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 5, takriban shilingi milioni 500 kwa bei ya dola ya wakati huo. Koma moja, wasee!

Hao walikuwa madereva, na doh ilikuwa yao.

Ndiyo maana hunikera tukifanya Kizungu kuwa kiboko cha kuchapana. Mtu akichekwa kwa koma, hajifunzi koma, anajifunza kunyamaza. Na akinyamaza, atasaini chochote kinachowekwa mbele yake.

Kwa WhatsApp andika venye unataka. Mimi mwenyewe huko nukta huzioni. Lakini kandarasi ikija, isome polepole, koma kwa koma. Ukipata sentensi inayosomeka njia mbili, usione haya: omba iandikwe upya kabla hujaweka sahihi. Ukiacha hivyo, siku ya malipo kila mtu ataisoma kwa njia inayomfaa yeye.