Ndoo ya Dhania

Dhania za kwanza niliziua mwenyewe. Nilizipanda mwisho wa Machi, mvua ya masika ilipoanza kunyesha hapa Zimmerman, ndani ya ndoo ya rangi ya lita 20 niliyopewa na fundi mmoja. Siku ya nne nikafukua kuona kama kuna kitu. Siku ya sita nikafukua tena. Nikakuta mzizi umetoka, mweupe, mwembamba kama uzi, na kidole changu kimeshaukata.

Usinicheke. Wakati huo nilikuwa nafukua kila kitu. Chuo niliacha mwaka wa tatu, karo ilinishinda, na siku hizi naishi kwa kuandika makala. Ukituma kazi leo, pesa inakuja baada ya mwezi, kama itakuja. Saa tisa usiku bado naangalia simu, ni kama pesa huamka ukiikodolea macho. Lakini simu ya Mama nilikuwa siishiki. Swali lake nalijua: unarudi shule lini?

Mara ya pili nikamuuliza mama mboga wa pale chini. Akaniambia kila punje ya dhania ni mbegu mbili zimeshikana. Uzisugue kwa chupa zigawanyike, uziloweke usiku kucha, uzifunike na udongo kidogo tu.

"Halafu uziache. Wiki moja, mbili, hata tatu. Wewe kunywa chai."

Kunywa chai! Hiyo ndiyo kazi iliyonishinda mwaka mzima.

Balkoni yangu ni hatua mbili, na nusu imeliwa na mtungi wa maji. Nikaweka kigoda hapo. Asubuhi kabla ya kuwasha laptopu, nagusa udongo; ukiwa na unyevu, nauacha. Mvua ikiwa imenyesha usiku, sina la kufanya kabisa. Nakaa tu na kikombe changu, namsikiliza makanga akiita abiria, jirani akigombana na mtoto ambaye hataki kuvaa soksi. Kuna siku chai iliisha ndipo nikakumbuka kwamba sijaangalia simu.

Siku ya kumi na mbili vikatokea vijani virefu, vyembamba, havifanani na dhania hata kidogo. Yale majani tunayoyajua huja baadaye. Nusura niving'oe nikidhani ni magugu.

Jumapili Mama akapiga simu ya video, nikashika. Kabla hajasema neno nikageuza kamera.

"Umezisongamanisha," akasema. "Punguza, zipumue."

"Mama, na vile nimezingoja?"

Akacheka. Tukabishana pale karibu nusu saa, yeye akiniambia nipande na kunde, mimi nikimwonyesha vile nafasi imeisha. Swali la shule aliliuliza mwishoni, kwa sauti ya chini. Nikamwambia sijui. Sikuwa nimewahi kumwambia hivyo.

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza kama ile ndoo nilikumbuka kuitoboa chini.