Mjomba, Usizitupe Zile Kanda

Columbus, Ohio

Mjomba wangu mpendwa,



Mama ameniambia kwenye simu kwamba hapo nyumbani Magomeni, Bagamoyo, unasafisha chumba cha nyuma ili ukipangishe, na kwamba yale maboksi ya kanda za video yamo kwenye orodha ya vitu vya kutupwa. Nakuomba uyaache kwanza. Nimeamua kuiandika barua hii gazetini badala ya kukupigia, kwa sababu najua si wewe peke yako mwenye maboksi kama hayo.

Unajua kazi yangu huku: nalea wazee kwenye makao yao. Ukumbini kuna runinga kubwa, na ugomvi wa asubuhi ni wa rimoti. Ikifika saa tano ugomvi unakwisha. Ni zamu ya The Price Is Right ya CBS, mchezo wa kukisia bei za vitu, ulioanza kurushwa huko mwaka 1972 na mpaka leo uko hewani. Lakini wazee wenyewe wanapenda zaidi vipindi vya zamani vya mchezo huohuo. Kuna bibi mmoja anayekaribia miaka tisini, ambaye ujana wake wote alikuwa keshia wa duka la vyakula. Mjukuu wake amemnunulia tableti, naye anaitumia kwa kazi moja tu: kufungua chaneli ya Pluto TV inayoonyesha vipindi vya Bob Barker, usiku na mchana. Barker aliuongoza mchezo huo kuanzia 1972 hadi 2007, akafariki Agosti 2023 akiwa na miaka 99.

Nilikaa naye jioni moja nikimkata kucha. Kwenye kioo walikuwa wameonyesha kopo la kahawa, na kabla mshiriki hajafungua mdomo bibi alishataja bei. Akapatia. Ikaja sabuni ya unga, akapatia tena. Zile zilikuwa bei za miaka ya mwanzo ya 1980, wakati viwanda vya Ohio vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine, na kutoka kwenye ile kahawa akaanza kunisimulia mwaka ambao mumewe alikosa kazi, na jinsi alivyokuwa akipanga sarafu mezani kabla ya kwenda dukani. Mtangazaji alikuwa anagawa gari tu, Mjomba. Hakuna aliyekusudia kuandika historia pale. Lakini mchezo wa bei ukikaa miaka arobaini unakuwa kumbukumbu ya jikoni za watu, na hakuna kitabu cha uchumi kitakachomkumbusha bibi yule zile sarafu.

Tena anavipata bure. Tukitaka michezo mingine ya zamani tunaweka Buzzr, chaneli iliyoanza Juni 2015, ambayo inanaswa kwa antena ya kawaida bila king'amuzi cha kulipia. Kutwa nzima ni Match Game, Password, Card Sharks na wenzao, na katikati ni matangazo ya bima na ya vifaa vya kusikilizia, maana wanajua watazamaji wao ni akina nani. Mwenye intaneti anazo Pluto na Tubi, nazo bure. Ukijaribu huduma kama hizo ukiwa Bagamoyo, nyingi zitakuambia hazipatikani nchini mwako, kwa kuwa haki za kurusha vipindi huuzwa nchi kwa nchi.

Sasa tazama tarehe hii. Chaneli ya kwanza iliyotengwa kwa michezo ya aina hii, Game Show Network, ilifunguliwa tarehe 1 Desemba 1994. Mwaka huohuo ndio Tanzania Bara ilipata vituo vyake vya kwanza vya televisheni: CTN, ITV, na DTV ambayo baadaye ikawa Channel Ten. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na runinga ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na sisi wa Bagamoyo, ng'ambo ya mkondo, tulibaki kuinua antena na kuomba zishike. Kwa hiyo mwaka tuliowasha runinga yetu wenyewe, Wamarekani walikuwa na michezo ya zamani ya kujaza chaneli nzima.

Usidhani vipindi vyao walivihifadhi vyote kwa hekima. Kanda za video za miaka ile zilikuwa ghali na zilifutika zikatumika tena, basi vituo vikafuta. Jeopardy! ya kwanza, iliyoongozwa na Art Fleming kwenye NBC kuanzia 1964 hadi 1975, ilikuwa na vipindi zaidi ya 2,500; vilivyobaki ni vichache mno. What's My Line? ilinusurika kwa sababu mwaka 1952 Mark Goodson na Bill Todman, waliokuwa wakiitengeneza, walipata habari kwamba nakala za filamu zinaharibiwa, wakakubali kulipa gharama ili zitunzwe. Hiyo ndiyo tofauti ya mchezo unaoonekana leo na mchezo uliopotea: kuna mtu alitoa pesa mfukoni wakati kila mmoja anaona ni takataka.

Na hata kilichohifadhiwa hakifunguliwi chote. Barker alikuwa mtetezi wa wanyama, hakutaka vipindi vilivyogawa makoti ya manyoya virudiwe, na chaneli ile ya bibi ilianza na vipindi vya 1982, zawadi hizo zilipokomeshwa. Mimi naona alikuwa na haki ya kusema hivyo. Ila inaonyesha kwamba kanda kuwepo ni jambo moja, na mtu kuruhusiwa kuitazama ni jingine.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha jimbo hili hili. Michael Larson alitoka Lebanon, mji mdogo wa Ohio, na alikuwa akiuza aiskrimu kwenye gari. Alikuwa mpenzi wa Press Your Luck, mchezo ambao taa inarukaruka kwenye ubao mkubwa na wewe unabonyeza kitufe kuisimamisha. Ikisimama kwenye fedha umepata; ikisimama kwenye kikatuni chekundu kiitwacho Whammy, unafilisika. Watu wote waliamini taa inaruka ovyo. Larson alirekodi vipindi kwa deki nyumbani kwake, akawa anavirudisha nyuma na kuvisimamisha, picha kwa picha, mpaka akagundua kwamba taa inafuata njia tano tu zisizobadilika. Akazikariri. Mwaka 1984 akasafiri hadi Los Angeles, akaingia kwenye mchezo, akatoka na fedha na zawadi zenye thamani ya dola 110,237. Wakubwa wa CBS walitafuta sheria aliyoivunja, hawakuiona, wakalipa. Kwa miaka mingi hawakukirudia kipindi kile hewani. Mwaka 2003 Game Show Network ikakitolea filamu nzima, na leo kila mpenzi wa michezo hii anakijua.

Nimekusimulia kwa sababu ya deki. Kituo kilikuwa na kanda zote, wataalamu wote, vyombo vyote. Aliyetazama kwa makini ni mtazamaji wa nyumbani.

Nawe, Mjomba, ulikuwa na deki. Ulikuwa fundi redio pekee mtaani kwetu aliyekuwa na runinga yake mwenyewe, ile ya chogo, na saa mbili usiku baraza yako ilikuwa haina pa kukanyaga. Uliwarekodia wavuvi waliokuwa baharini usiku ili wakirudi wapate kuona. Nakumbuka ulivyobandika karatasi ubavuni mwa kila kanda na kuandika kwa kalamu ya bluu: siku, kituo, kisha chini yake "usifute". Ndani mna michezo ya kuigiza ya kundi la Kaole, alikopitia marehemu Steven Kanumba kabla nchi nzima haijamjua. Mna mechi za Simba na Yanga. Mna chemsha bongo za wanafunzi, vijana wa sekondari wamevaa sare wakiwa wamekaa wima na kengele mbele yao. Na kwa kuwa hukuwa na muda wa kuruka matangazo, mna matangazo yote: sabuni, mafuta ya kupikia, bei za siku zile, namna watu walivyovaa, Kiswahili walichosema walipoulizwa jina na mahali wanapotoka. Vituo vilikuwa vichanga, kanda zilikuwa za kuagizwa, na huenda nakala yako ndiyo pekee iliyobaki.

Usije ukasema haya ni ya kale mno. Mwaka 2007 ilianza Celtel Africa Challenge, shindano la maswali la vyuo vikuu vya Kenya, Uganda, Tanzania na nchi nyingine, John Sibi-Okumu wa Kenya akiwa muulizaji. Lilifuata mtindo wa College Bowl ya Marekani. Mdhamini alipobadili jina likawa Zain Africa Challenge, na mwaka 2010 Zain ilipouza sehemu kubwa ya biashara yake Afrika kwa Bharti Airtel ya India, shindano likaishia hapo. Vijana wetu walijibu pale maswali ya fizikia na ya historia mbele ya bara zima. Leo ukitafuta mtandaoni unaokota vipande. Mdhamini akiondoka, kipindi kinabaki hakina mwenyewe.

Wala kuulizana maswali hatukufundishwa na runinga. Nyanya alipotutegea vitendawili pale uani, tuliposhindwa alidai mji. Tukimpa Pangani anakataa. Tukimpa Saadani anakataa. Tukimpa Unguja anakubali, na hapo ndipo anatoa jibu, huku aliyeshindwa akizomewa hadi usingizi unamchukua. Hakuna aliyemrekodi nyanya, na vingi vya vitendawili vyake nimevisahau. Hiyo hasara hairudi. Ya kanda bado tunaweza kuizuia.

Huku Marekani, chaneli za vipindi vya zamani zilipata nafasi kutokana na mitambo. Tarehe 12 Juni 2009 vituo vikubwa vya Marekani vilizima analogia, na kila kituo kikajikuta kinaweza kurusha chaneli kadhaa mahali palipokuwa na moja. Wenye vituo wakatafuta cha kujazia, na kipindi cha zamani ni rahisi kwa sababu gharama ya kukitengeneza ilishalipwa. Kwetu analogia ilizimwa Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, watu wakakimbilia ving'amuzi, na chaneli zikaongezeka. Tumepata chaneli za filamu zetu, Sinema Zetu na Maisha Magic Bongo, na nashukuru. Lakini muda mwingi hewani umekwenda kwa tamthilia za nje zilizotiwa sauti za Kiswahili, na kwa michezo ya kubahatisha inayomtaka mtazamaji atume pesa kwa simu. Katika mchezo wa bei wa bibi yule, mshiriki halipi kitu kuingia. Anashinda kwa kujua. Hilo ndilo ningependa wanangu walione kwa Kiswahili.

Najua utauliza kuhusu haki. Kipindi ni mali ya kituo, na sikwambii ukimbilie kufungua chaneli ya YouTube. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni zilipotoka, leseni na ada zake zilizidi shilingi milioni mbili, na ingawa zimefanyiwa marekebisho, watu wa kawaida wenye kanda bado wanaogopa. Hata hivyo kanda yenyewe ni yako, uliinunua kwa pesa yako, na kuitunza si kosa. Kituo kilichopoteza nakala yake kitakuja kukushukuru. Hapohapo Bagamoyo tuna TaSUBa, chuo kilichoanza kufundisha sanaa mwaka 1981. Wanafunzi wake wanastahili kuwaona waliowatangulia kwenye runinga.

Basi fanya hivi, Mjomba. Toa maboksi chini ya bati, hewa ya chumvi na joto vinaziua kanda. Zisimamishe wima mahali pakavu. Ukiona ukungu mweupe kwenye utepe, kanda hiyo usiitie kwenye deki kabisa: itachafua kichwa cha deki na ukungu utahamia kwenye kanda nyingine. Itenge. Zilizo safi, zipeleke kwa fundi wa Kariakoo anayehamisha kanda kwenye flashi, uanze na zile za chemsha bongo na za Kaole. Gharama nitatuma mimi kwa simu, na kodi ya chumba cha nyuma mwezi wa kwanza nitailipa mimi pia, ili usiwe na haraka.

Nanyi wasomaji wa pwani yetu, kuanzia Bunju, Mapinga na Kerege hadi Bagamoyo, Saadani na Pangani: kama juu ya kabati kuna kanda zilizorekodiwa tangu 1994, msizitupe na msizifute. Andikeni kituo, mwaka na kilichomo, mpigieni simu aliyewahi kuonekana ndani yake mumwambie mnayo. Na ninyi wakuu wa vituo, fungueni maghala yenu, mtupe saa moja tu kwa wiki ya vipindi vyenu vya zamani. Watazamaji mnao, huko na huku.

Mpwa wako akupendaye.