Mayi, maji, eau: lugha ya darasa katika mitaa ya Lubumbashi

Katika fakulte yetu tunafundishwa kwamba mtoto hujifunza kusoma kwa urahisi zaidi akianza na lugha anayoisema. Tunaliandika jambo hilo kwenye mtihani, tunapata pointi zetu, tunaenda nyumbani. Mimi nimelikuta tena mahali ambapo hakuna anayetoa pointi. Huu ni mwaka wa pili nafundisha alasiri mbili kila juma katika kituo kidogo cha masomo huko Katuba, ndani ya chumba tulichoazimwa na kanisa la mtaa. Wanafunzi wangu wana miaka 9 hadi 14. Wengine hawakuwahi kukanyaga shule, wengine waliiacha baada ya mwaka mmoja au miwili. Ningependa kuwaeleza wenzangu na walimu wetu niliyoyaona huko, kwa sababu naamini yanatuhusu sisi watu wa lugha kuliko watu wengine wote.

Kwanza tujiulize watoto hawa wametoka wapi. Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, mji wa shaba, na tangu mwanzo ulikuwa miji miwili: mji wa Wazungu upande huu, cité ya Waafrika upande ule. Union Minière ilijenga kambi za wafanyakazi wake, na katika kambi hizo wamisionari Wabenedikto waliendesha shule. Baada ya uhuru Gécamines iliendelea na desturi hiyo: mfanyakazi alipata nyumba, posho ya unga, hospitali, na shule kwa watoto wake. Miaka ya 1990 kampuni ilipodhoofika, mambo hayo yote yalidhoofika pamoja nayo. Kuanzia 2003, kwa mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliacha kazi. Wengi wa watoto wa darasa langu ni wajukuu wa zama hizo. Wengine wazazi wao walitoka vijijini, au walikimbia vita vya kaskazini mwa Katanga. Wanakaa pembezoni, katika nyumba za matofali mabichi, ambapo mvua ya Januari inaweza kuangusha ukuta usiku mmoja na ambapo maji yanachotwa kwa bidoni, kwa zamu, kabla ya jua kuchomoza.

Mtu ataniambia: lakini shule ni bure. Ni kweli. Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, inasema kwamba shule ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ni ya bure, na tangu Septemba 2019 serikali imeanza kulitekeleza jambo hilo. Kwa muda mrefu kabla ya hapo wazazi ndio walioulipa mshahara wa mwalimu kwa kile tulichokiita primu, na mtoto ambaye primu yake haikulipwa alirudishwa nyumbani mbele ya wenzake wote. Kuondoa mzigo huo ni jambo kubwa, na sitaki kulidharau. Madarasa yalijaa mara moja, na kujaa kwake kulionyesha ni watoto wangapi waliokuwa wanangoja mlangoni.

Ila kuna bei nyingine ambayo haiandikwi kwenye risiti. Kuna shati jeupe na suruali au sketi ya bluu, kuna viatu, kuna madaftari na biki. Kuna bei ya saa: mtoto anayechota maji alfajiri na kuuza barabarani asubuhi hawezi kuwa mstarini saa moja na nusu. Kuna bei ya aibu: kijana wa miaka 11 kuketishwa benchi moja na watoto wa miaka 6. Ndiyo sababu viko vituo vya kurudishia masomo, ambavyo vinafundisha programu ya miaka sita ya shule ya msingi kwa miaka mitatu, ili mtoto afike kwenye mtihani wa taifa. Na kuna bei ya mwisho, ambayo ndiyo nataka kuisemea hapa. Ni bei ya lugha.

Siku moja tulifanya imla ya maneno rahisi ya nyumbani. Watoto karibu wote waliandika *mayi*. Mwenzangu mmoja wa kujitolea akapitisha wino mwekundu juu ya neno hilo kwenye kila daftari na kuandika *maji*. Juma lililofuata, katika somo la Kifaransa, watoto walewale walikuta kwenye ubao *eau*, herufi tatu ambazo hakuna hata moja inayosikika kama ilivyo. Fikirini mtoto huyo. Kitu anachokibeba kichwani kila asubuhi kina majina matatu. La kwanza ni lake, ameambiwa ni kosa. La pili ni la kitabu, hajawahi kulisikia kwa mama yake. La tatu ni la serikali, halisomeki. Sisi tunaona somo la msamiati. Yeye anaelewa jambo moja tu: kwamba kinywa chake hakifai shuleni.

Tulibishana sana na mwenzangu, kwa heshima. Yeye alisema, na ana haki kulisema, kwamba mtihani hautakubali *mayi*. Mwishowe tulikubaliana kugawa ubao katika safu tatu: tunavyosema, kitabu kinavyosema, Kifaransa kinavyosema. *Muntu, mtu, personne. Njala, njaa, faim. Mayi, maji, eau.* Hakuna safu iliyowekewa alama ya kosa. Baada ya majuma machache watoto walianza kuzitafuta kanuni wenyewe. Kijana mmoja wa miaka 11, ambaye mchana anaponda mawe na kaka yake, aliutazama ubao kwa muda, kisha akasema: "Mwalimu, kitabu inakula herufi!" Aliona kwamba *muntu* ikiingia kitabuni inapoteza sauti zake mbili. Mimi jambo hilo nililifundishwa katika kozi ya fonolojia, nikiwa na notisi za kupiga chapa mkononi.

Msichana mmoja wa miaka 12 alinionyesha upande mwingine wa jambo hili. Asubuhi anauza makala pamoja na shangazi yake katika soko la komini ya Kenya. Katika kitabu cha hesabu kulikuwa na fumbo la mwanamke mfanyabiashara aliyenunua na kuuza, limeandikwa kwa Kifaransa cha mistari minne. Alilitazama, akaweka biki chini. Mwalimu asiyemjua angeandika kwamba hajui hesabu. Nikamuuliza kwa mdomo, kwa Kiswahili chetu: mfuko wa makala umenunuliwa franka 36,000, umetoa mafungu 48, kila fungu franka 1,000, faida ni ngapi? Alijibu kabla sijamaliza kuvuta pumzi: 12,000. Halafu akaniuliza: "Na ile vumbi ya chini ya mfuko, mwalimu?" Kwa sababu chini ya mfuko hubaki vumbi lisilouzika, na mwenye kuhesabu mafungu 48 bila kulifikiria vumbi hilo hajawahi kuuza makala. Wala tusisahau kwamba bei yenyewe aliitaja kwa Kifaransa, kama sokoni kote. Kwa hiyo Kifaransa hakimwogopi, na yeye hakiogopi, kikiwa na kazi ya kufanya. Anachokiogopa ni ukurasa ule.

Msimu wa mvua msichana huyo alikosekana majuma matatu. Nilienda kumwona shangazi yake sokoni. Alinipokea vizuri, akanipa kigoda, kisha akasema maneno ambayo hakuna kozi ya ualimu inayoyajibu: "Mwalimu, kama mutoto hauzishi, mangaribi tutakula nini?" Mvua ikinyesha makala yanaadimika, bei inapanda, na mikono ya kuuza inahitajika. Sikuwa na la kumwambia kuhusu haki za mtoto ambalo yeye hakulijua. Tulizungumza juu ya saa. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema kwamba kati ya saa nane na saa kumi wanunuzi ni wachache, kwa sababu watu wanakuja kwa makala ya jioni baadaye. Tulilihamisha somo kwenye saa hizo, na mtoto akarudi. Mwaka ujao anapaswa kukaa kwenye mtihani wa taifa. Atakaa au hatakaa, sijui. Inategemea mfuko wa makala, afya ya shangazi, na kodi ya nyumba.

Sasa nifike kwenye pingamizi kubwa zaidi, ambalo halikutoka kwa mwanaisimu. Lilitoka kwa baba mmoja ambaye ni zamu wa usiku katika majumba ya mjini. Alisikia kwamba tunaanza na Kiswahili, akaja kuniona akiwa bado na koti la kazi. "Mwalimu, Kiswahili mutoto eko nayo ku nyumba. Miye namutuma hapa juu ajue Kifransa." Akanieleza kwamba mkataba wake wa kazi uliandikwa kwa Kifaransa, kwamba aliutia sahihi bila kuuelewa, na kwamba alikuja kujua siku za ugonjwa hazilipwi alipokuwa tayari kitandani. Kwa mtu huyo Kifaransa si utamaduni wala fahari. Ni karatasi inayoamua kama ataonewa.

Ningemjibu nini? Kwamba ana haki kuhusu mwisho wa safari. Mtoto wake lazima ajue Kifaransa, tena cha kusoma mkataba. Tunachobishania ni njia ya kufikia hapo. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyosikika. Mtoto akishajua irabu tano na silabi zake anaweza kusoma neno ambalo hajawahi kuliona. Na ufundi wa kusoma hujifunzwa mara moja tu. Mtoto aliyeupata katika *mayi* atakwenda nao hadi kwenye *eau*. Atahitaji kufundishwa tahajia mpya na lugha mpya, lakini hatahitaji tena kufundishwa kwamba alama kwenye karatasi zinasema kitu. Anayeanzia *eau* bila kuielewa hujifunza kukariri, na karatasi ya mkataba haikaririki. Nilimwomba baba huyo anipe miezi michache. Alikubali kwa sharti moja: kwamba Kifaransa kisikosekane hata juma moja. Ni sharti la haki, na tumelishika.

Sheria yenyewe haitupingi. Katiba, katika kifungu chake cha kwanza, inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya 2014 inazitambua lugha za taifa kuwa lugha za kufundishia. Ugumu uko kwenye meza ya mwalimu. Vitabu vya Kiswahili vinavyomfikia ni vichache, na mara nyingi Kiswahili chake ni kile bora cha misioni au cha pwani, mbali na kile cha Katuba. Kuna anayefikiri kwamba cha Katuba hakiandikiki. Huyo akumbuke kwamba mwaka 1965 André Yav, kwa ajili ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani mjini hapa, aliandika historia ya mji wetu kwa Kiswahili hicho hicho, na kuipa jina la Kifaransa. Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990, na leo wanahistoria wa nchi za mbali wanaisoma. Maboyi wa jikoni walithubutu kukiandika. Sisi wenye diploma tunasitasita.

Sidai kwamba lugha inashibisha. Mtoto aliyelala bila bukari hasomi vizuri kwa lugha yoyote, na safu tatu za ubao hazizuii ukuta kuanguka. Lakini katika bei zote nilizozitaja, hii ya lugha ndiyo pekee ambayo fakulte yetu ina uwezo wa kuipunguza bila kungoja mfadhili. Kila mwaka tunaandika memwari ambazo zinawekwa kabatini. Baadhi yake zingeweza kuwa vitabu vidogo vya kurasa kumi na sita, vyenye hadithi za sokoni na za kisimani, kwa Kiswahili cha mji, vikimwongoza mtoto taratibu hadi Kiswahili cha kitabu na hadi Kifaransa. Mafumbo ya hesabu yangeweza kuandikwa upya na mtu aliyekwenda kuuliza sokoni jinsi mfuko wa makala unavyogawanywa. Mafunzo yetu ya vitendo, ambayo karibu wote tunayafanya katika shule za katikati ya mji, yangeweza kukubaliwa pia katika vituo vya pembezoni.

Nimeanza na kimoja. Kina kurasa nane, kimeandikwa kwa mkono na kutolewa fotokopi, na msichana wa makala ndiye aliyekisoma wa kwanza na kunisahihisha katika ukurasa wa tano: nilikuwa nimesahau vumbi.