Nguzo haikuangushwa na upepo tu: leo nasahihisha habari yangu

Jumamosi iliyopita, wakati wa salongo, niliwakuta vijana wawili kwenye avenyu yetu hapa Goma wakikata kwa msumeno ule waya mnene wa chuma unaoshuka kutoka juu ya nguzo ya umeme hadi ardhini. Mmoja alikuwa anakata, mwingine anachunga njia. Walitaka kuuza chuma. Nilipowapigia kelele, mkubwa wao alinijibu bila wasiwasi:

— Papa, waya huu hauna umeme ndani. Hauna kazi.

Wakaenda zao. Lakini usiku huo usingizi ulinikataa, kwa sababu maneno hayo, « hauna kazi », niliwahi kuyasema mimi mwenyewe, tena nikijua kuwa nasema uongo.

Wasomaji wa siku nyingi huenda wanakumbuka habari fupi niliyoandika hapa, msimu mmoja wa mvua: upepo mkali umeangusha nguzo ya umeme katika karitie yetu, nyumba moja imeharibika, hakuna aliyekufa. Yote yalikuwa kweli isipokuwa chanzo. Chanzo nilikuwa mimi.

Kabla ya kuanza kazi ya habari nilikuwa kibarua katika kikosi cha kusimamisha nguzo. Tulichimba juu ya lava iliyoshuka tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, ile iliyopita katikati ya mji mpaka ziwani. Anayeijua Goma anajua kazi hiyo. Juu unakuta changarawe nyeusi inayoporomoka kila unapoigusa. Ukiimaliza unakutana na jiwe ambalo ukilipiga nyundo, mikono ndiyo inayolia. Nguzo ya mita 9 inatakiwa kuingia ardhini karibu mita moja na nusu. Wanaume wanne tulipokezana siku nzima kwa shimo moja.

Kisha, ukidhani umemaliza, kapita anakuonyesha mahali pengine pa kuchimba: shimo la nanga ya ule waya wa kushikilia nguzo, ambao wafundi wanauita hobani, kutoka Kifaransa. Siku moja nilimuuliza kwa nini tunajitesa mara mbili kwa nguzo moja. Hakunijibu kwa mdomo. Alinisimamisha kwenye kona, akampa kila mmoja wa wenzangu wawili kamba, mmoja avute mkono wangu kuelekea avenyu ya juu, mwingine kuelekea avenyu ya pembeni. Nikaanza kuinama katikati yao. Halafu akafunga kamba ya tatu kwenye mkanda wangu, akaivuta kwa nyuma. Nikasimama wima.

— Nguzo ya kona ndiyo wewe, akasema. Hao wawili hawachoki. Wanavuta mchana na usiku, hata kama hakuna upepo, hata kama hakuna umeme.

Ndiyo maana waya huo hauwekwi popote. Unawekwa pale laini inapokata kona, na pale inapoishia, kwa sababu nguzo ya mwisho inavutwa upande mmoja tu. Unawekwa upande ulio kinyume na mvuto. Na nanga yake inatakiwa kuwa mbali na nguzo. Kapita alituandikia hesabu kwa mkaa juu ya ubao: ukiufunga waya mita 7 juu, na nanga ikawa mita 7 kutoka shina la nguzo, waya unabeba kama mara 1.4 ya nguvu inayovuta nguzo. Ukiisogeza nanga mpaka mita 2, waya uleule unabeba zaidi ya mara 3 na nusu. Nanga nayo inang'olewa kwa nguvu hiyohiyo, kwenda juu.

Hesabu hiyo nilikuwa nayo kichwani siku niliyofanya kosa.

Kiwanja cha mama yangu kiko kwenye kona ya avenyu. Nguzo ilikuwa inje ya ua, lakini hobani yake ilishukia ndani, katikati ya mahali ambapo nilitaka kujenga chumba cha mbao cha kupangisha. Mama alianika nguo juu yake miaka mingi, wala haikumsumbua. Mimi ilinisumbua kwa sababu ya pesa. Sikwenda ofisini kuomba wauhamishe waya au wasimamishe nguzo ya kuegemeza, jambo linalowezekana pale ambapo nafasi ni ndogo. Nilimtafuta fundi wa mtaani, tukaelewana bei, na jioni moja tukaufungua waya, tukachimba kishimo hatua mbili tu kutoka nguzo, tukapachika fimbo ya chuma kati ya mawe, tukamwagia saruji kidogo, tukafunga. Jirani mmoja aliuliza tunafanya nini. Nikamjibu: « Waya huu hauna kazi, mama, tunausogeza tu. »

Chumba kilijengwa, mpangaji akaingia. Baada ya miezi michache niliona kichwa cha nguzo kimeanza kuangalia upande wa barabara. Nyaya zikalegea, zikashuka juu ya njia wanayopita watoto wa shule na wenye chukudu. Niliona, nikanyamaza. Kila asubuhi nilijiambia kuwa inainama kidogo tu.

Usiku wa mvua na upepo, nanga ilitoka nzima na donge lake la saruji, kama jino. Nguzo ikavunjika karibu na ardhi, na nyaya zikalala juu ya mabati ya jirani yuleyule niliyemdanganya. Ndani walikuwa watu sita. Waliamka kwa kishindo, wakatoka gizani, wakasimama kwenye mvua, wanaogopa kugusa chochote.

Usiku ule umeme ulikuwa umekatika katika karitie nzima tangu jioni. Tulikuwa tumelalamika sana. Kukatika huko ndiko kulikowaokoa watu sita, na kuniokoa mimi nisiitwe muuaji. Asubuhi nikachukua simu yangu, nikapiga picha, nikaandika kuwa ni upepo.

Kikosi kilipokuja kutengeneza, hawakuniuliza mengi. Yule aliyekiongoza aliokota fimbo yangu na donge lake, akaigeuza mkononi, akanitazama, akaiweka chini. Chumba changu cha mbao kikabomolewa siku hiyohiyo. Nilibaki pale kuangalia kazi, na nawaandikia nilivyoiona ili mjue kazi nzuri inafananaje.

Walianza kwa kuhakikisha laini imezimwa, wakaipima, wakaiunganisha na ardhi. Shimo la nanga likachimbwa mbali, mita 7, kwa siku mbili. Fimbo ya nanga ililazwa ikifuata mwelekeo wa waya, ikafungwa chini kwenye kipande kipana cha chuma, ikafunikwa kwa zege. Wakaiacha siku saba ikauke kabla ya kuivuta. Mimi yangu niliivuta usiku uleule.

Juu ya nguzo wakafunga kola ya chuma. Mahali waya unapokunjwa kuingia kwenye pete, waliweka kikombe cha chuma ili usikatike kwenye mkunjo, kisha vibano vitatu kila upande, vikakazwa kwa zamu. Katikati ya waya, juu zaidi ya mkono wa mtu mrefu, wakaweka kizio cha kaure. Hicho ndicho kinachozuia umeme usishuke hadi chini kama waya wa laini utaugusa hobani juu. Chini kabisa kuna kikazio cha kuzungusha. Walikikaza mpaka nguzo ikainama kidogo upande wa nyuma. Nilidhani wamekosea. Lakini nyaya za laini zilipovutwa, nguzo ilijirudisha yenyewe, ikasimama wima. Mwisho wakafunga kikazio kwa kipande cha waya, watoto wasikifungue kwa mchezo.

Jumapili iliyopita, baada ya kuwafukuza wale vijana, nilikwenda kwa jirani. Nilitaka kumweleza yote kabla ya kuyaandika. Aliniacha niongee mpaka mwisho, huku anachambua maharage.

— Nilijua, akasema. Uliponiambia haina kazi, nilijiuliza mbona mnatoka jasho kiasi kile kuisogeza. Ningesema nini? Wewe ndiye mwenye gazeti.

Kisha akaongeza:

— Na mabati yangu matatu, utayaleta lini?

Nimeyapeleka jana.

Ndugu zangu wakaaji, nawaomba mzunguke avenyu yenu mkitazama juu na chini. Mkiona hobani imelegea, imekatwa, ina kutu inayoachia nyuzi, au kizio chake kimevunjika, au nanga imeanza kuinua udongo, mwambieni chefu wa avenyu, na mpige simu kwa wenye laini. Msifunge mbuzi, msianike nguo, msichome takataka chini yake. Kama iko ndani ya kiwanja chako na inakuzuia kujenga, nenda ofisini uombe, hata kama watakuchelewesha. Na nyaya zikianguka, kaeni mbali, wazuieni watoto, hata kama taa zote zimezimika. Umeme unaweza kurudi dakika yoyote, na jenereta ya jirani iliyounganishwa vibaya inaweza kuurudisha kwenye laini.

Wale vijana wawili nawajua, nimewajua tangu wakiwa wadogo. Sitaandika majina yao. Waya waliouanza una nyuzi saba, walikuwa wamekata mbili. Nimeshatoa taarifa, na hadi ninapoandika haya kikosi hakijafika. Nguzo hiyo iko kwenye kona ya kisima. Tafadhali, watoto wapite upande wa pili.