Nazi Mbili za Salalah

Mama yangu alizaliwa Wete, Pemba, na ameishi Maskati tangu miaka ya 1970. Katika uzee wake hakutuomba kitu ila mnazi uani. Nikamwambia mitende tunayo minne, yatosha. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa samli ni sawa na tui.

Mtende huku ni jambo jepesi. Chipukizi hukatwa ubavuni mwa mama yake, likapandwa, na tende zake huwa zile zile. Ukipanda kokwa, huenda ukatunza miaka ukaishia kupata dume lisilozaa. Mnazi hauna chipukizi la ubavuni. Mbegu yake ni nazi yenyewe, nazo nazi za madukani zimekwisha kufuliwa.

Basi nilipokwenda Salalah, ambako minazi hustawi karibu na bahari na madafu huuzwa kando ya njia, nilirudi na nazi mbili zenye makumbi yake. Mama akazitikisa sikioni, moja baada ya nyingine, kusikiliza maji. "Si koroma hizi," akasema, "zimekomaa." Tukazilaza ubavu mchangani, migongo nje, tukazimwagilia kila jioni.

Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu: kimya. Wa nne subira ikanishinda. Mama amelala mchana, nikatwaa panga nikaipasua moja, nikiamini imeoza. Ndani mlikuwa na joya jeupe, kubwa kama yai, na chini ya kumbi chipukizi lililojikunja, likitafuta pa kutokea.

Nilidhani atanigombeza. Aliketi barazani, akalimega joya kwa kidole, akala polepole, bila kunikaribisha. Kisha akasema:

"Mara ya mwisho nililila na dada yangu. Tulikuwa tukiligombania."

"Dada yupi, mama?"

"Wa mama mwingine. Tulimwacha Wete."

Umri wangu wote sikuwahi kusikia kuwa nina mama mkubwa Pemba. Nilimwuliza jina, akanitajia, akanawa mikono, akaingia ndani. Jina hilo halimo katika shajara ya ukoo niliyoianza miaka mingi iliyopita. Nimeliandika usiku ule ule, na jamaa zetu wa Wete nimekwisha kuwapigia simu.

Nazi ya pili ilichomoza baada ya wiki mbili. Sasa ina majani manne, bado hayajapasuka kuwa makuti, na kuzaa kwake tunakungoja si chini ya miaka mitano. Mama huumwagilia mwenyewe. Panga amelificha.