Nyumba Yenye Kaburi Uani

Nyumba ya marehemu baba iko kando ya barabara ya Bariadi kwenda Lamadi, upande wa Dutwa. Ina vyumba vinne na sebule. Kuta zake ni za tofali za kuchoma, na juu ni bati. Baba aliijenga kidogo kidogo kwa fedha za pamba. Msimu mmoja alijenga msingi, msimu mwingine akapandisha kuta. Bati alinunua baada ya kuuza ng'ombe. Mtu akiiona kutoka barabarani huipenda. Hata hivyo, ilichukua miaka mitatu kupata mtu wa kuinunua.

Baba alifariki mwaka 2018. Mama alibaki peke yake, na macho yake yalikuwa yamepungua nguvu. Dada yangu anayekaa Maswa akamchukua. Huko mama alilala chumba kimoja na wajukuu watatu. Basi sisi watoto watano tulikaa, tukakubaliana. Nyumba iuzwe, mama ajengewe vyumba viwili hapo Maswa, na kitakachobaki tugawane.

Tulianza mwaka 2019 kwa bei ya shilingi 16,000,000. Hakuna aliyekuja. Tukashusha hadi shilingi 14,000,000. Wakaja wachache.

Ndugu msomaji, watu wengi wa huku kwetu hawana desturi ya kununua nyumba iliyokwisha jengwa. Mtu hununua kiwanja, akafyatua tofali zake, akajenga mwaka hadi mwaka kama baba alivyofanya. Wenye fedha nyingi za mara moja ni wachache. Tena huwa nazo baada ya kuuza pamba, kuanzia mwezi wa Mei hadi Agosti. Ukitangaza nyumba mwezi wa Januari, watu wamekwisha maliza fedha kwa kulima na kununua chakula. Watakusalimu tu na kupita.

Lakini kilichowarudisha wanunuzi wetu hakikuwa bei. Baba amezikwa uani, chini ya mwembe, hatua kama 20 kutoka mlango wa nyuma. Kwetu Usukumani si ajabu mtu mzima kuzikwa kwenye mji wake mwenyewe. Kaburi huonyesha mji ule ni wa nani. Siku ya mazishi hakuna aliyefikiri kwamba mji utauzwa.

Dalali wetu alikuwa hawaambii watu habari ya kaburi. Siku moja alimleta mwalimu mmoja na mkewe. Mwalimu alipima vyumba kwa hatua, akagonga kuta, akafurahi. Mkewe akafungua mlango wa nyuma. Akasimama pale kwa muda, kisha akamwita mumewe kwa sauti ya chini. Walikunywa maji tuliyowapa, wakaaga vizuri. Hatukuwaona tena. Baada yao alikuja mfanyabiashara wa choroko. Yeye alisema atatoa shilingi 7,000,000, na kaburi tuliondoe kwanza.

Dalali akanipa shauri lake. "Mzee," alisema, "vunja ile saruji, sawazisha udongo, panda mapapai. Mtu akisha lipa atafanya nini?" Nilimwambia aache kazi yetu. Huo si ujanja, ni wizi. Na hata mwizi mwenye akili asingefanya hivyo, maana mnunuzi angeambiwa na majirani siku ya kwanza anapokwenda kuteka maji.

Kuhamisha kaburi nako tulikuzungumza katika kikao cha ukoo. Iko Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, lakini hiyo inahusu ardhi inayotakiwa kwa shughuli za umma. Haikuwekwa kwa ajili ya mtu anayeuza nyumba yake. Mama ndiye aliyefunga mazungumzo hayo. Alisema, "Baba yenu alipokuwa hai hakutaka kuhama hapa. Msimhamishe sasa."

Wakati huo nyumba ilikuwa tupu, na nyumba tupu huharibika upesi. Popo waliingia darini. Mchwa walikula fremu ya mlango mmoja. Majani yaliota mpaka barazani. Watu wakaanza kusema kwamba masamva, yaani mizimu ya wazee, hawataki mgeni aingie. Tulimpata kijana fundi wa pikipiki, tukampangisha kwa kodi ndogo. Akafyeka uwanja, mkewe akapika, watoto wakacheza chini ya mwembe. Maneno ya masamva yakaisha. Kijana huyo alitusaidia kuliko dalali.

Upande wa karatasi tulikuwa tayari. Ukoo ulinichagua niwe msimamizi wa mirathi, nikathibitishwa na Mahakama ya Mwanzo. Tulikwenda pia kwenye Halmashauri ya Kijiji, kwa sababu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka kibali chake kabla haki ya ardhi haijahamia kwa mtu mwingine.

Mwezi wa Juni mwaka 2022 alikuja mama mmoja, muuguzi. Safari hii nilimpeleka kwenye kaburi kwanza, ndipo nikafungua nyumba. Nilimweleza kwamba sehemu ile hatuiuzi. Tutaikata, hatua 10 kwa 8, pamoja na njia ya kupita kutoka barabarani. Alisikiliza, akaniuliza swali ambalo hakuna mnunuzi mwingine aliyeliuliza.

"Na mama yenu, siku yake ikifika, mtamzika wapi?"

Mama alikuwa amekwisha tuambia siku nyingi. Anataka kulala kando ya mumewe. Nilimjibu muuguzi hivyo hivyo. Alinyamaza, akasema atafikiri. Nilidhani naye amekwenda kama wale wengine.

Baada ya wiki mbili alirudi na kaka yake. Alitoa shilingi 12,500,000, kwa mafungu mawili. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba makaburi yawe mawili tu, asizikwe mtu mwingine wa ukoo pale. Ndugu zangu wawili walinung'unika. Baba mdogo aliwauliza ni nani kati yao anayetaka kufa upesi ili apate nafasi. Wakanyamaza.

Tuliandika yote katika mkataba: mipaka, njia, na makaburi mawili. Wajumbe wa Halmashauri ya Kijiji walikuja kupima. Tukapanda minyaa pembeni kuwa alama. Mama aliletwa kutoka Maswa siku hiyo. Hakuingia ndani ya nyumba. Alishikwa mkono na mjukuu wake, akaenda mpaka chini ya mwembe. Akapapasa saruji ya kaburi kwa fimbo yake, kisha akapima kwa miguu nafasi iliyobaki kati ya kaburi na minyaa.

"Panatosha," alisema, akaomba apelekwe kwenye gari.