Ngombezi: Reli, Mkonge na Mikono Iliyouguza

Ukitoka Korogwe mjini asubuhi, jua halijakaza, Ngombezi inakupokea kwa mkonge. Mistari yake imenyooka mpaka macho yanachoka, na kwa mbali Usambara imejitanda ukungu kama bibi aliyejifunika khanga. Bondeni unapita Mto Pangani, ambao huku wanauita Ruvu. Sijaona asubuhi nzuri kupita ile.

Uzuri huo umeona mengi. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902, na Moshi mwaka 1911. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka mwaka 1914, ilibeba wapiganaji na majeruhi. Juni 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Smuts yaliteremka bonde hili, yakaingia Korogwe, kisha Handeni. Malaria na kuhara damu viliwalaza askari wengi kuliko risasi. Kila aliyelala alihitaji muuguzi wa kumnywesha maji na kumfuta jasho.

Nikafuata nyayo za wauguzi hao kwa barabara ya Muheza, nikapanda milima ya Usambara hadi Amani, kwenye kituo cha utafiti kilichoanzishwa mwaka 1902. Manowari za Waingereza zilipofunga pwani, dawa za Ulaya ziliadimika. Wajerumani, watawala wa wakati huo, wakageukia mkwinini, mti wa dawa ya malaria: magome yalichemshwa, wagonjwa wakanywa maji yake machungu, na askari wakakipa kinywaji hicho jina la kamanda wao, Lettow. Bandeji nazo zilitengenezwa kwa magome ya miti. Hebu fikiria: kidonda kimefungwa kwa ganda la mti, na aliyelifunga hana jina katika kitabu chochote.

Tanga nilipita Bombo, hospitali iliyoanzia enzi za Wajerumani, nikaishia Boma la Kale, iliko Makumbusho ya Urithi. Napenda sana nyumba hii inavyoutunza mji wake. Ndiyo maana naiombea rafu moja mpya: gome la mkwinini, bandeji ya gome, bilauri ya dawa, na maelezo ya Kiswahili yenye herufi kubwa.

Hapo pia pawekwe habari ya wauguzi wa Vita vya Pili vya Dunia, wale wa meli Khedive Ismail. Februari 1944 iling'oa nanga Kilindini, Mombasa, ikiwa na askari wa mizinga wa Afrika Mashariki pamoja na wauguzi. Tarehe 12 nyambizi ya Kijapani iliizamisha karibu na Maldivi. Walikufa watu wapatao 1,300, wakiwemo wanawake 77, wengi wao wauguzi. Askari wetu na wauguzi wale wamelala bahari moja, wakumbukwe pamoja.

Jioni nilirudi Ngombezi, ukungu umeondoka, milima imesimama wazi. Mtoto wa hapa akipelekwa makumbusho siku moja, aoneshwe lile gome na kuambiwa: dawa hii ilitoka kwenye milima unayoiona kila asubuhi ukienda shule.